SOMO LA ARDHI: KUKAMILISHA UNUNUZI WA KIWANJA AU NYUMBA KWA FEDHA TASLIMU

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mkazi wa kata anayekusudia kununua kiwanja, shamba au nyumba kwa fedha zake mwenyewe, bila mkopo wa benki, kufahamu hatua zinazoufanya ununuzi huo ukamilike kisheria. Somo linamfaa pia anayeuza, maana hatua hizohizo humlinda yeye naye.

Wengi wetu huamini kwamba ununuzi umekwisha pale fedha zinapohesabiwa, karatasi ikatiwa saini mbele ya mashahidi wawili, na mikono ikapeanwa. Kwa mujibu wa sheria, hapo shughuli bado ipo katikati. Kwa ardhi yenye hatimiliki, haki humhamia mnunuzi siku Msajili wa Hati anapoliandika jina lake katika daftari. Kwa ardhi ya kijiji, uhamisho kwa mtu asiye mkazi huhitaji kwanza idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kuandikishwa kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo wengi hupoteza akiba ya maisha. Kanuni kuu ya somo hili ni hii: fedha zisitangulie mbali mbele ya karatasi. Viwili hivyo viende pamoja, hatua kwa hatua.

1. Kwa nini asiye na mkopo awe mwangalifu zaidi

Anayenunua kwa mkopo husaidiwa na woga wa benki. Kabla benki haijatoa fedha zake hutaka upekuzi wa hati, ripoti ya mthamini, ridhaa ya mwenzi wa ndoa na uthibitisho kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa. Benki haimfanyii mkopaji hisani. Inailinda mali yake. Hata hivyo, mkopaji naye hupona katika ulinzi huo.

Mwenye fedha taslimu hana mlinzi wa namna hiyo. Huharakishwa na dalali, huambiwa kuna wateja wengine watatu wanaosubiri, na kwa kuwa fedha anazo, hakuna kinachomzuia kulipa siku hiyohiyo. Basi hana budi kuifanya mwenyewe kazi ambayo benki ingeifanya, au kumlipa wakili aifanye kwa niaba yake.

Ieleweke pia kwamba fedha taslimu hapa ni malipo yasiyotokana na mkopo, wala si lazima ziwe noti ndani ya mfuko. Njia iliyo salama ni kuhamisha fedha benki kutoka akaunti ya mnunuzi kwenda akaunti yenye jina lilelile lililomo katika hati. Uhamisho huo huacha kumbukumbu isiyokanika, na humwepusha muuzaji na noti bandia na wanyang'anyi. Wakili au wakala akiuliza chanzo cha fedha, mnunuzi asichukizwe. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inawataka watu wa kazi hizo kuwajua wateja wao.

2. Tambua aina ya ardhi inayouzwa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ameshika dhamana kwa niaba ya wananchi. Mtu hununua haki ya kuitumia ardhi pamoja na maendelezo yaliyomo. Kwa hiyo swali la kwanza ni: muuzaji ana haki ya aina gani?

Mwenye hatimiliki ana haki iliyosajiliwa, kwa kawaida ya miaka 33, 66 au 99. Hapo mnunuzi aangalie miaka iliyobaki, matumizi yaliyoruhusiwa na masharti ya uendelezaji. Kiwanja cha makazi hakiwi cha biashara kwa sababu ya kuuzwa tu.

Mwenye barua ya toleo ameahidiwa hatimiliki lakini bado hajaipata. Mnunuzi aulize Ofisi ya Ardhi kama masharti ya toleo yalitimizwa na kama ada zake zililipwa. Mwenye leseni ya makazi ana haki ya muda mfupi katika eneo lililoendelezwa bila kupangwa, na haki hiyo huwa na tarehe ya kwisha.

Mwenye hakimiliki ya kimila, akiwa na cheti au hana, yumo chini ya mamlaka ya kijiji. Utaratibu wake tutaueleza katika sehemu ya 8.

Sheria haimruhusu mtu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji chini ya sheria za uwekezaji. Raia anayenunua kwa jina lake ili kumfichia mgeni anajitia katika hatari, na fedha za mgeni huyo zimo hatarini pia.

3. Upekuzi: kabla ya senti ya kwanza

Upekuzi una sehemu tatu, na hakuna moja inayotosha bila nyingine.

Upekuzi wa daftari. Mnunuzi au wakili wake huchukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha huomba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati na kulipia ada iliyowekwa. Majibu huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani kama ipo, na mazuio yaliyowekwa na watu wengine. Nakala ya hati iliyo mikononi mwa muuzaji si upekuzi. Hati huweza kughushiwa, na hati halali huweza kuwa na rehani ambayo mshika nakala haitaji.

Upekuzi wa ardhi yenyewe. Mpima ardhi ahakikishe kwamba mawe ya mipaka yapo na kwamba yanalingana na ramani iliyoidhinishwa. Viwanja viwili vinavyopakana hufanana kwa macho, na wako watu waliojenga katika kiwanja cha jirani kwa kuonyeshwa mahali pasipo pao. Mnunuzi atazame pia kama eneo limeingia katika hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Atazame vilevile kama lipo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira. Ofisa Mipango Miji wa Halmashauri atamweleza kama eneo limetengwa kwa shule, soko au makaburi.

Upekuzi wa watu. Nenda mchana, kisha urudi jioni. Zungumza na majirani wa pande zote nne. Uliza ni nani analima, nani anapangisha, nani amewahi kudai. Mtu anayeishi ndani ya nyumba aulizwe anaishi kwa haki gani. Sheria ya Ardhi humhesabu mnunuzi kuwa analijua jambo ambalo angelijua kama angeuliza ipasavyo. Kusema baadaye "sikuambiwa" hakutamsaidia iwapo jawabu lilikuwa kwa jirani naye hakubisha hodi. Tembelea pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuuliza kama kuna shauri linalohusu ardhi hiyo.

4. Ni nani hasa wanaopaswa kuuza

Jina moja katika hati halimaanishi sauti moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama nyumba ni ya mmoja wao. Sheria ya Ardhi nayo humpa mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi, au wake wote kwa ndoa ya mitala, wameridhia. Ridhaa hiyo iandikwe na itiwe saini mbele ya wakili. Muuzaji anayesema hana mwenzi aape hivyo katika hati ya kiapo. Usikubali maneno "mke wangu anajua". Anayejua yupo, na aje asaini.

Aliyesajiliwa akiwa amefariki, watoto hawawezi kuuza kwa makubaliano ya kikao cha ukoo peke yake. Kikao hupendekeza, mahakama huteua. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye aonyeshe hati ya uteuzi wake. Ni busara warithi wote watu wazima watie saini kuthibitisha kwamba wanaujua mauzo na wameridhia. Migogoro mingi ya ardhi katika familia huanzia kwa ndugu mmoja aliyeuza wengine wakiwa safarini.

Anayeuza kwa niaba ya mwingine awe na hati ya kisheria inayompa mamlaka ya kuuza kiwanja hicho kwa kukitaja, nayo isajiliwe. Mnunuzi ajitahidi kuzungumza na mwenye mali mwenyewe, hata kwa simu ya picha, kwa kuwa mamlaka hayo hukoma mwenye kuyatoa anapofariki.

5. Mkataba wa mauziano

Sheria inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Ni vema uandaliwe na wakili. Viongozi wa kijiji, kitongoji au mtaa wanaweza kuwa mashahidi wa kumtambua muuzaji, lakini muhuri wa ofisi yao hauchukui nafasi ya upekuzi wala ya usajili. Na malipo yoyote yanayodaiwa na ofisi ya umma yawe na msingi wa kisheria unaotajwa na stakabadhi halali ya Serikali. Pasipo na stakabadhi, usilipe, toa taarifa.

Mkataba mzuri hutaja yafuatayo:

(a) majina kamili ya pande zote, namba za vitambulisho vya Taifa na namba za mlipakodi;
(b) namba ya hati, kiwanja, kitalu, eneo na ukubwa, pamoja na mipaka;
(c) bei halisi, awamu za malipo na akaunti itakayopokea;
(d) tamko la muuzaji kwamba ardhi haina rehani, mgogoro wala mdai mwingine;
(e) nani atalipa kodi na ada ipi, na kwa tarehe gani;
(f) siku ya kukabidhi, na hali ya wapangaji kama wapo;
(g) yatakayofuata iwapo kibali kitakataliwa au upande mmoja utashindwa, ikiwa ni pamoja na kurejesha fedha na muda wake.

Bei halisi iandikwe. Wako wanaoshauri iandikwe bei ndogo ili kodi ipungue. Tuchukue mfano wa kiwanja kilichouzwa Sh 40,000,000, na mkataba ukaandikwa Sh 25,000,000. Mauzo yakivunjika, mnunuzi atakachoweza kuthibitisha kwa mkataba ni Sh 25,000,000. Na akija kukiuza mwenyewe kwa Sh 50,000,000, faida yake itahesabiwa kuwa Sh 25,000,000 badala ya Sh 10,000,000. Kodi aliyomsaidia mwingine kuikwepa itamrudia yeye, mbali ya kwamba kusema uongo kwa mamlaka ya kodi ni kosa.

6. Kulipa kwa awamu zinazofuata karatasi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Muuzaji anaogopa kuachia hati kabla hajalipwa. Mnunuzi anaogopa kulipa kabla hajapata hati. Hofu zote mbili ni za haki. Dawa yake ni mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, kwa kawaida wakili, ambaye hushika fedha katika akaunti ya wateja na hushika hati halisi, kisha huviachia vyote viwili masharti yakitimia. Makubaliano hayo yaandikwe, na wakili atoe stakabadhi. Kabla ya kumkabidhi chochote, hakikisha kwamba ameandikishwa na ana leseni hai ya uwakili.

Kwa kiwanja chetu cha Sh 40,000,000, mpango unaweza kuwa hivi:

Awamu ya kwanza: upekuzi ukiwa safi na mkataba umesainiwa, mnunuzi huweka asilimia 10, yaani Sh 4,000,000.

Awamu ya pili: muuzaji akishakabidhi hati halisi, akasaini fomu zote za uhamisho, mwenzi wake akaridhia na kibali kikapatikana, huachiwa asilimia 80, yaani Sh 32,000,000. Kodi inayomhusu muuzaji hukatwa humo na kulipwa moja kwa moja Serikalini kwa namba ya malipo.

Awamu ya tatu: asilimia 10 iliyobaki, yaani Sh 4,000,000, hubakizwa mpaka jina la mnunuzi lisajiliwe na mali ikabidhiwe.

Viwango hivi si vya kisheria. Pande mbili zaweza kupatana vingine. Jambo la msingi ni kwamba kila awamu iwe na karatasi inayoifungua, na kwamba muuzaji asiwe amemaliza kulipwa wakati kazi yake bado haijaisha.

Mkataba ukishasainiwa, mnunuzi ana haki ya kuomba Msajili aweke zuio katika daftari, ambalo mawakili huliita kaveti, kuonyesha kwamba ana maslahi katika ardhi hiyo. Zuio hilo huziba pengo tulilolitaja mwanzoni. Muuzaji akijaribu kukiuza kiwanja hicho mara ya pili, au kukiweka rehani, upekuzi wa huyo mwingine utalionyesha dai lako.

7. Kibali, kodi na usajili

Kwa ardhi yenye hatimiliki, uhamisho hupitia Ofisi ya Ardhi. Fomu zinazotumika ni taarifa ya uhamisho (Na. 29), ombi la kibali (Na. 30) na hati yenyewe ya uhamisho (Na. 35). Huambatishwa hatimiliki halisi, mkataba, picha na vitambulisho, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa, na ushahidi kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu. Malimbikizo ya pango hayafutiki kwa mauzo. Yasipolipwa, yatamkuta mmiliki mpya.

Kodi mbili kuu ni hizi:

Kodi ya ongezeko la mtaji humhusu muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Iwapo muuzaji wa mfano wetu alinunua kwa Sh 20,000,000 na akajenga ukuta kwa Sh 4,000,000, gharama yake ni Sh 24,000,000. Faida ni Sh 16,000,000, na kodi ni Sh 1,600,000. Ni lazima awe na stakabadhi za gharama hizo, maana asiyeweza kuzithibitisha hukadiriwa kwa njia nyingine. Kuna misamaha pia: nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, faida yake ikiwa haizidi Sh 15,000,000, pamoja na mashamba ya thamani ndogo yaliyotumika kwa kilimo. Uliza TRA kabla ya kusaini. Msajili hasajili uhamisho mpaka apate cheti cha TRA kuthibitisha kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Kwa hiyo deni la muuzaji hugeuka kuwa kizuizi cha mnunuzi.

Ushuru wa stempu kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Kwa kiwanja cha makazi ni asilimia 1, yaani Sh 400,000 katika mfano wetu, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu hati kusainiwa. Hati isiyolipiwa ushuru huu haipokelewi kuwa ushahidi mahakamani.

Thamani itumikayo kukokotoa malipo hutazamwa kwa ripoti ya uthamini pia. Bei iliyoandikwa chini mno haimdanganyi mthamini.

Baada ya hapo nyaraka hupelekwa kwa Msajili wa Hati. Jina la muuzaji hufutwa, la mnunuzi huandikwa. Siku hiyo ndiyo ununuzi umekamilika. Fanya upekuzi mwingine mmoja baada ya usajili, ulione jina lako kwa macho yako. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa ardhi, daftari lenyewe ni la Msajili.

8. Ardhi ya kijiji

Katika kata zetu nyingi ardhi ni ya kijiji, na mashamba hubadilisha mikono bila hatimiliki. Utaratibu upo, nao si mgumu.

Mnunuzi aanze katika Masjala ya Ardhi ya Kijiji kuangalia kama shamba limeandikishwa na kwa jina la nani. Kisha muuzaji apeleke ombi la uhamisho kwa Halmashauri ya Kijiji. Mnunuzi asiye mkazi wa kijiji hahamishiwi haki bila idhini ya Halmashauri hiyo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili, na imelirudia jambo hilo katika maamuzi ya karibuni.

Zingatia maneno "Halmashauri ya Kijiji". Chombo hicho kina wajumbe kati ya 15 na 25, na huamua katika kikao chenye muhtasari. Saini ya mwenyekiti aliyekutwa nyumbani kwake usiku, hata ikiwa na muhuri, si uamuzi wa kikao. Omba nakala ya muhtasari ulioijadili ardhi yako kwa jina, na uone mahudhurio.

Awamu za malipo tulizozieleza zinafaa hapa pia: malipo ya mwanzo kwa mkataba, sehemu kubwa kwa idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na bakaa kwa kuandikishwa masjala. Mipaka ipimwe kwa hatua na vipimo mbele ya majirani, nao watie saini. "Kuanzia mwembe mpaka mfereji" haitoshi. Mwembe hukatwa na mfereji huhama.

9. Siku ya makabidhiano

Siku ya kukabidhi, pande zote zikutane katika mali yenyewe mchana. Andikeni hati fupi ya makabidhiano inayotaja tarehe, hali ya mawe ya mipaka, idadi ya funguo, usomaji wa mita ya maji na namba ya mita ya umeme. Deni la maji lilipwe na muuzaji mpaka siku hiyo. Kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, hivyo ulizeni kama mita ina deni lolote. Kama kuna wapangaji, wajulishwe kwa barua kwamba kodi ya nyumba italipwa kwa nani. Mikataba yao hai haifi kwa sababu nyumba imeuzwa. Mazao yaliyopo shambani yatajwe ni ya nani.

Mnunuzi aanze mara moja kuitumia au kuilinda ardhi. Kwa kawaida muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na mwenye ardhi anayeiacha mikononi mwa mtu mwingine kwa muda mrefu hujidhoofisha mwenyewe.

10. Mambo yakiharibika

Ukigundua udanganyifu kabla ya usajili, simamisha malipo, muone wakili, na uweke zuio kwa Msajili siku hiyohiyo. Kughushi hati na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni makosa ya jinai, hivyo toa taarifa Polisi. Mgogoro wa haki ya ardhi hupelekwa kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuhukumu. Usuluhishi usipofaulu, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyemudu wakili aulize kwa Msajili Msaidizi wa Msaada wa Kisheria aliyeko katika Halmashauri kuhusu watoa msaada wa kisheria bila malipo.

Maswali ya kujipima kabla ya kulipa

1. Je, nimeona majibu ya upekuzi rasmi, au nimeona nakala ya hati tu?
2. Je, mpima amenionyesha mawe ya mipaka?
3. Je, mwenzi wa muuzaji, au warithi wenzake, wamesaini?
4. Je, bei iliyoandikwa ndiyo ninayolipa?
5. Je, kila awamu ya fedha ina karatasi ninayoipokea?
6. Je, nimebakiza fedha za kutosha kumfanya muuzaji amalize kazi yake?
7. Je, kwa ardhi ya kijiji, ninao muhtasari wa kikao?

Ikiwa jawabu la swali lolote ni hapana, usilipe bado. Njoo Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri ukiwa na nakala ya hati, mkataba au namba ya kiwanja, au mtume Ofisa Mtendaji wako akuelekeze pa kuanzia. Maelezo hutolewa bure siku zote za kazi. Muuzaji wa kweli atakungoja siku hizo chache. Anayekataa kungoja amekujibu swali ambalo hukuwa umeliuliza.